Sukari ya Koko, Kilo Zangu na Karatasi Yako

Mweso, mchana, siku moja kabla ya safari yako

Masika mwanangu,

Sikusalimu. Tumesalimiana asubuhi, tukagombana kidogo juu ya viatu vyako vya harusi, kisha ukaenda kwa rafiki yako kusukwa nywele. Nakujua wewe na nywele zako, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Nimefunga mlango mmoja wa duka na kuacha mwingine wazi, ninaandika juu ya meza ya kupimia unga. Mteja akiingia nitamhudumia kwanza, kwa hiyo ukiona mahali wino umekatika usidhani nilikuwa ninalia. Kulia nimelia jana.

Mambo ya sufuria na ya kumtunza bwana sitakuandikia. Shangazi yako Kavira, dada ya marehemu papa yako, amekujaza masikio mwezi mzima, na kesho atakaa ubavuni mwako ndani ya gari mpaka Butembo. Pole sana. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki tatu nzima.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya labo yenye jina lako. Ni ya ile siku tulipoenda hospitalini, mimi kwa kipimo changu cha kila mwezi, wewe kwa kunisindikiza, na muuguzi akasema mtoto wa mgonjwa wa sukari naye apimwe. Walikuchoma kidole. Kesho yake wakakuita tena kabla hujala, wakatoa damu mkononi. Jibu lilipotoka ulikuwa sokoni, nikalipokea mimi. Uliporudi uliniuliza, "Mama, walisema nini?" Nikakujibu, "Uko muzima, hakuna kitu."

Nilikudanganya, Masika. Namba iko juu. Haijafika ile ya ugonjwa, lakini imepita ya mtu asiye na shida. Muuguzi aliniambia hivi: "Haiko sukari bado, Mama. Iko kwa mulango. Akipunguza kilo sasa, mbele ya mimba, anaweza kurudia salama. Akiongeza, itaingia." Akasema urudi uongee na dokta.

Hukurudi kwa sababu hukujua. Na mimi, karatasi ile ikiwa ndani ya kopo la chumvi, niliendelea kukupa uji wa karanga na sukari mara mbili kwa siku, maana shangazi yako alikuwa amesema bibi harusi wa kwetu anafika amejaa, ngozi inang'aa, ili watu wa Butembo wasiseme vita vimetumaliza. Kila asubuhi nilikoroga uji ule, nikaongeza kijiko cha sukari, na nilijua vizuri ninachofanya. Nataka ujue nilifikaje pale. Kunihurumia si lazima.

Nianze na koko wako, mama yangu mzazi. Unamkumbuka kidogo tu, ulikuwa na miaka sita. Tuliishi Kashebere, kule Walikale, karibu na mpaka wa Masisi. Papa yako na mimi tulikuwa na duka kando ya barabara, chumvi, sabuni, vikwembe vya kujifunga, betri za redio. Koko alitoka Butembo akaja kukaa nasi. Alikuwa mwanamke mkubwa. Akikaa mlangoni pa duka, mlango umejaa, na watu walipenda kununua kwetu kwa sababu yake. Walikuwa wanasema, "Kwa hawa watu kunakuliwa." Duka la mama mnene haliwezi kuwa na unga mbaya, njo vile watu walifikiri, nami nilifikiri hivyo hivyo.

Kisha akaanza kukonda. Anakunywa maji, anakunywa tena, usiku anatoka nje mara tano, mara sita. Vikwembe vikamlegea. Alijikwaa kwenye jiwe, akapata kidonda kidogo cha mguu, kikakataa kupona. Muuguzi wa kituo cha afya pale kijijini alimwangalia akaniambia, "Mama, mupeleke Mweso wamupime sukari." Nilimsikia vizuri, masikio yangu hayakuwa na shida. Ila neno lenyewe sikulipenda. Tukisema sukari, watu watasema ni ya ukoo, na msichana wa ukoo wenye ugonjwa nani atamtaka? Nami nilikuwa na wewe, msichana wangu mmoja. Kwa hiyo shangazi yako alipokuja na neno lake, nililipokea kwa mikono miwili. Alisema, "Hii ni karuho."

Unaijua karuho, ile sumu ambayo watu wanasema inatiwa kwenye chakula na kummaliza mtu polepole. Karuho ilitufaa sana. Karuho inatoka kwa mtu mwingine, haimo ndani ya damu yetu. Tukaanza kutafuta ni nani aliyeitia. Nyuma ya nyumba yetu alikaa mwanamke mlimaji, wa watu waliozaliwa kwenye vilima vile tangu zamani. Sisi tulikuwa wafanyabiashara, wageni. Alikuwa akimletea koko sombe, majani ya muhogo, na maharagwe mabichi kila baada ya siku mbili, wanakaa pamoja, wanacheka mpaka machozi. Nani mwingine angekuwa na nafasi ya kutia sumu? Tulimpata haraka, Masika. Mtu anayetafuta wa kumlaumu hatembei mbali.

Mganga wa miti aliyeletwa na shangazi alimpa koko dawa ya kutapisha ili sumu itoke. Alitapika siku tatu. Siku ya nne tulimweka kwenye machela kumpeleka hospitalini, akafia njiani, hatujafika hata nusu. Kwenye mazishi nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Aliyefanya hivi anajijua." Jina sikulitaja, na halikuhitajika. Jioni ile watu walirushia nyumba ya yule jirani mawe. Baada ya siku mbili aliondoka na watoto wake wanne, mmoja mgongoni. Nilikuwa dukani nikawaona wakipita barabarani na magodoro yao kichwani. Nikawapa mgongo, nikaendelea kupanga sabuni.

Yule mwanamke unamjua. Ni Mama Furaha, ambaye siku hizi anakaa hapa Mweso na anatuletea sombe kila Jumanne. Uliwahi kuniuliza kwa nini mimi, ninayebishana na watu hata juu ya kiberiti, sibishani naye hata siku moja. Ni kwa sababu hiyo.

Baada ya papa yako kufa kwa ajali ya gari kwenye barabara ya Sake, nilibaki na duka na wewe. Nikanenepa. Mjane akikonda watu wanaanza kumhesabia siku, kwa hiyo nilikula. Halafu kiu ikanianza. Nilienda Goma nikapimwa ambako hakuna anayenijua, nikarudi na vidonge, nikawa ninavinywa nyuma ya magunia. Ulifikiri ni dawa ya kichwa. Mimi ndiye niliyekuambia hivyo.

Vita vilipofika Kashebere kwa kweli, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mengine unayakumbuka, sitayaandika. Vidonge vilibaki nyumbani pamoja na kila kitu. Siku ya kwanza mapaja yangu yalichubuka, nikatembea nimepanua miguu kama bata, na wewe, risasi zinalia nyuma yetu, ukanicheka. "Mama, tembeza miguu!" Ulinisukuma mgongoni kwenye kila mlima. Nakushukuru mpaka leo. Ungekuwa na mama mwepesi tungefika Mweso siku mbili mbele ya wengine.

Kambini tulikula kilichopatikana, na siku nyingine hakikupatikana. Baada ya miezi kadhaa nguo zangu zilikuwa za mtu mwingine. Waganga wa hospitali waliokuwa wakipita kambini walinipima sukari kwa sababu niliwaambia nilikuwa ninakunywa vidonge. Yule aliyenipima alirudia kipimo mara mbili. Sukari ilikuwa karibu ya mtu asiye na ugonjwa, bila dawa yoyote. Akasema, "Njaa haiko dawa, Mama, usielewe mubaya. Ile ulipitia inaweza kuua muntu. Lakini mwili yako imetuonyesha kitu. Ikipungua, sukari inatii. Sasa kula vizuri, maharagwe, mchicha wa lenga-lenga, samaki ukipata. Ila zile kilo zote usizirudishe." Nikamwitikia, "Ndiyo, munganga." Nikatoka pale nikisema moyoni, huyu hajui maisha.

Maana nje ya hema lile mambo yalikuwa mengine. Watu walioniona zamani Kashebere walikuwa wakinipita, wanageuka, wanashika mdomo. "Ni yeye? Aka! Iko na ile ugonjwa." Ile ugonjwa unaijua, ukimwi. Nilipotaka kuanza biashara tena, wenye depo za bidhaa kule Sake waliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakawapa mizigo mizuri wanawake waliojaa, mimi wakaniambia nirudi wiki ijayo. Kwao mfanyabiashara aliyekonda ama ni mgonjwa ama biashara yake imekufa. Sikuwalaumu, maana hata mimi niliwapima watu hivyo maisha yangu yote.

Basi nikatafuta dawa yangu. Nilivaa vikwembe vinne, kimoja juu ya kingine, na sweta mbili. Huku Masisi kuna baridi, nani atashangaa? Lakini siku niliyorudi Sake jua lilikuwa kali. Nilikuwa ninashuka kutoka juu ya fuso, mguu mmoja hewani, fundo la kikwembe cha ndani likafunguka. Kikashuka. Nikakikanyaga, cha pili kikakifuata, na mimi ninaning'inia kwenye ubavu wa gari nikishika cha tatu kwa meno. Mama mmoja muuza dagaa wa sambaza akapiga kelele soko zima lisikie: "Mama, uko unauza vikwembe ao umevaa magazini, duka muzima?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, ningefanya nini? Ndani ya gari la kurudi nililia njia nzima, na jirani yangu akanipa ndizi akidhani nimefiwa.

Ungefikiri baada ya aibu ile ningejifunza kuvaa kikwembe kimoja na kutembea na mwili wangu. Wapi! Niliamua kuujaza mwili mpaka usihitaji vikwembe. Biashara ilipoanza kushika, ndizi za makemba za kukaanga kwa mawese, mbuzi wa kuchoma, chai ya vijiko vinne, bia Jumapili baada ya misa. Wewe pia ulikula nami, sahani yako ikiwa sawa na yangu, na nilifurahi kukuona ukijaa. Tulikuwa tumetoka msituni tukiwa hai, nani angetunyima? Ndani ya mwaka na nusu mwili ulirudi, na nyongeza juu yake. Watu wakaniambia, "Mama Masika, umerudia!" Sijawahi kusifiwa vile maishani, hata siku ya harusi yangu. Na sukari ikarudi, mbaya kuliko ya kwanza. Nyayo zikawa zinawaka kama mtu aliyezipaka pilipili. Hapo njo nilienda hospitali ya hapa, mwaka juzi.

Dokta aliyenipokea ni kijana, ungemwona ungedhani anasubiri mama yake. Akaniuliza, "Kwenu nani mwingine iko na sukari?"

"Hakuna."

"Muzazi wako alikufa na nini?"

"Karuho."

Akaweka kalamu chini. "Alikuwa munene?"

"Sana."

"Akakonda mbio?"

"Mbio."

"Na mayi, alikuwa anakunywa mingi?"

Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Kisha akanieleza, taratibu, bila kunicheka, na maneno yake nimeyashika kwa sababu nilimwomba ayarudie.

"Mama iko na magazini," akasema, "sikia basi. Muzazi wako alikuachia depo ya makartoni. Ingine iko na vitu vizuri, ingine iko na vitu vibaya. Ile makartoni njo tunaita jeni. Hayatoke, hata ufanye nini, na utamuachia mutoto wako ingine. Lakini kartoni ikifungwa haileti shida. Mafuta ikizidi kwa tumbo, inafungua ile mibaya siku kwa siku. Ukipunguza kilo, pole pole, mingi inajifunga tena. Mwili inaacha kuitumia."

"Yote?"

"Hapana, sitakudanganya. Ingine inabakia wazi kidogo. Na mafuta iko na kumbukumbu. Hata ukikonda, mwili inakumbuka unene yake, inautafuta. Kwa hiyo kilo zikirudia, haiko uvivu yako, ni mwili inavuta. Unaanza tena. Hata wale wenye kuchunguza mambo hii hawajamaliza kuielewa."

Nikamuuliza juu yako. Nilimwambia nina msichana mmoja, naye amejaa kama mimi. Akasema mtoto anapokea makartoni ya baba na ya mama, na vile mama anavyoishi mbele ya mimba na wakati wa mimba inaweza kusaidia kuyafunga au kuyafungua. Inaweza, alisema. Hakuapa. Nilimpenda kwa sababu hakuapa.

Nilitoka mle nimekasirika. Miaka yote nilikuwa nimegawa watu mara mbili, wanene wenye heri na wakondefu wenye bahati mbaya, na kumbe mama yangu alikuwa akifa kwa kitu chenye jina, ambacho muuguzi wa kijijini alikitaja mbele yangu. Nikakaa kwenye benchi la nje kungoja dawa. Na ni nani aliyekuwa amekaa pale, mjukuu wake mwenye homa mapajani? Mama Furaha.

Nilitaka kusimama niondoke. Akanisalimu yeye kwanza. Halafu, mimi sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Wamesema mama yangu alikuwa na sukari." Akaendelea kumpapasa mtoto kichwa. Akasema, "Nilijua."

"Ulijua namna gani?"

"Pale nyuma ya nyumba yenu, koko alikuwa anakojoa usiku. Asubuhi nikienda shambani naona sisimizi wamejaa pale pale, kama kwa sukari. Papa yangu alikufa vile vile, na sisimizi vile vile. Nilikuja kukuambia, na sombe mukononi. Wewe ulinipokea kwa mulango, ukamwaga sombe yangu chini mbele ya watoto yangu. Ningekuambia nini tena?"

Nakuapia, Masika, siku ile ya sombe nilikuwa nimeisahau kabisa. Aliyeimwaga ni mimi, na aliyeibeba miaka yote ni yeye. Nikamwambia, "Mama Furaha, unisamehe." Akasema, "Nimesikia." Jumanne iliyofuata alikuja dukani na sombe. Sijui kama amenisamehe. Kila Jumanne ninaona haya, na sitaki haya ile iniishe.

Sasa utaniuliza, mtu aliyepitia hayo yote anawezaje kuficha karatasi ya mtoto wake? Nimejiuliza swali hilo kila siku kwa wiki tatu.

Mama yake Kasereka, mchumba wako, alipokuja kukuona, alikuzunguka mara moja kama mtu anayenunua kabati, akapiga makofi. "Huyu njo muke! Huku vita imetuletea mifupa tupu." Ni mwanamke mzuri, usimchukie. Anajua kinachojulikana, kama mimi nilivyojua. Nikaona furaha yako, na Kasereka anakuangalia kwa macho yale, mtu wa kuuza vipuri vya pikipiki aliyekuja njia hii yote mbaya mara tatu kwa ajili yako. Ndipo karatasi ikatoka. Nikasema moyoni, nikiionyesha watasema ukoo wa ugonjwa. Akikonda kabla ya harusi watasema amepata ile ugonjwa. Aolewe kwanza, nitamwambia baadaye. Ni maneno yale yale niliyoyasema juu ya koko, Masika. Nilibadilisha mtu tu. Koko nilimnyima hospitali ili wewe uolewe, na wewe nikakunyima ukweli ili uolewe. Uliponikumbatia juzi ukasema, "Mama, asante kwa kunitunza," nilikuwa na kijiko cha uji mkononi. Nilitaka ardhi inifungukie.

Tangu mwaka juzi mimi mwenyewe nimepungua. Huenda hujaona, kwa sababu ni kidogo kidogo, na kwa sababu bado ni mkubwa. Lakini nyayo haziwaki kila siku sasa, na dokta amepunguza vidonge. Nimeacha mafuta mengi, ninakwenda sokoni kwa miguu badala ya kupanda pikipiki, na chai ninakunywa bila sukari. Chai bila sukari ni adhabu, hilo nalo sikufichi. Mara mbili kilo zimenirudia, mara mbili nimeanza tena. Mara ya kwanza ziliporudi nilijitukana wiki nzima, nikala kwa hasira. Mara ya pili nilikumbuka yule kijana alivyosema mwili unavuta, nikaacha matusi, nikarudi kwenye maharagwe yangu.

Kwa hiyo najua hivi vitu vichache. Usijifungie njaa. Nimeijaribu ya msituni, haina kitu cha kufundisha zaidi ya kuogopa. Nenda polepole, na uanze kabla ya mimba. Makartoni ya koko unayo, mimi nimeyabeba na kukupa bila kutaka, na huwezi kuyarudisha. Lakini wewe una miaka ishirini na moja na uko mlangoni, na mimi nilipopewa neno hili la kwanza kabisa nilikuwa nimeshapita chumba cha tatu. Hiyo ni nafasi ambayo koko hakuipata. Aliyemnyima ni mimi.

Watu watasema. Ukianza kupungua kule Butembo, wifi zako watanong'ona. Ukizaa, watakufungia ndani wakulishe mpaka usione miguu yako, na watafanya hivyo kwa kukupenda. Sina neno la kuwazibia midomo. Mimi waliniweza mpaka nikavaa vikwembe vinne.

Juu ya Kasereka, mimi ningemwambia, na ningemwambia kabla ya padri kufungua kitabu. Ukitaka nikuongezee ujasiri, nitakuja nikae pembeni yako nimwambie mwenyewe kwamba aliyeficha ni mimi. Akishtuka, mwache ashtuke. Akikataa, atakuwa amekataa mapema, na kitanda chako hapa hakijauzwa. Na wewe ukisema hutaki kuondoka kesho, unataka kwanza kumwona dokta, nitawapigia simu wenye gari mimi, na shangazi yako nitamkabili mimi. Atapiga kelele, kelele haiui. Na ukisema utaondoka, utaondoka na karatasi yako mkononi, na kule pia kuna hospitali.

Kitu cha mwisho. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa, kati ya mashuka yako, uikute Butembo siku ya tatu au ya nne, mimi nikiwa mbali. Nilikuwa nimeshaikunja. Halafu nikajiona tena, ninaficha karatasi ndani ya nguo, na hapo nikajichukia kweli.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii, uisome nikiwa nimekaa hapa. Najua utakasirika. Huenda utaacha kunisemesha, huenda utanitukana, na haki unayo. Nakupenda, Masika, na ninakuogopa.

Sasa inua macho. Niko mbele yako. Uliza.